Dokta wa Maji

…na anayebisha abishe, aje mwenyewe hapa kwenye bomba hili nyuma ya ukuta wa kiwanda cha dawa, achuchumae, ayatazame maji yanavyoshuka, halafu aseme kwa kinywa chake kwamba jana asubuhi maji haya yalikuwa machafu ya kuoshea mapipa, meupe, mazito kama uji wa mtoto, yananuka vidonge na sukari ya sirapu, hatasema, hawezi, hakuna mtu wa Kolwezi aliyewahi kuamini mara ya kwanza, na Merdi amewaonyesha wengi, wachimbaji wa Mutoshi aliokuwa akishuka nao shimoni, madereva wa malori, pasta mmoja aliyevua miwani akaifuta akaivaa tena, na siku ya uzinduzi wa mashine ya kuyasafisha alimwonyesha hata mtu wa redio, mbele ya wakubwa wenye tai, yeye Merdi, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu shule ilikuwa inamchelewesha, ndiye aliyekinga glasi chini ya bomba, akaiinua juani, akasema mwenye roho ya kuku ageukie ukuta, akanywa mpaka tone la mwisho, watu wakapiga makofi, na tangu siku ile mtaa mzima ukamwita Dokta, Dokta wa Maji, umri miaka ishirini na mitatu, hana cheti hata cha ubatizo… "Dokta, shika mupira muzuri, maji inamwangika inje," akasema Mama Adolphine, na Merdi akausogeza mpira uingie sawasawa kwenye mdomo wa bidoni ya njano, lita ishirini, maji yakaanza kulia ndani yake ile sauti nene ya chombo kitupu, na yeye macho akayaweka pale pale, kwenye mdomo wa bidoni, wala si chini zaidi, maana chini zaidi upo mguu wa Mama Adolphine, na mguu huo umefungwa kipande cha kitenge chenye doa la manjano, na nzi wawili wamelikalia doa kama wamelipia kiti… si wake, mguu si wake, kila mtu na mguu wake, yeye kazi yake ni maji, na maji anayajua kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Lubudi, ukimwamsha usingizini atakueleza bila kufungua jicho la pili, kwanza machafu yanatulia katika birika kubwa, tope linalala chini, kisha yanapigwa hewa usiku na mchana mpaka vile vijidudu vya kula uchafu vishibe, kisha pampu inayasukuma kwa nguvu ndani ya yale mabomba meupe manene kama paja, na ndani ya kila bomba imekunjwa membrani, utando mwembamba uliozungushwa kama mkeka, wenye vitundu ambavyo hakuna jicho litakaloviona, dawa haipiti, chumvi haipiti, mdudu wa homa anafika mlangoni anarudi kwao, maji tu yanapita, peke yake, uchi kama alivyozaliwa mtu, na maji hayo kiwanda kikayatoa nje ya ukuta kwa bomba hili ili mama za mtaa wamwagilie lengalenga zao, mchicha wa huku, na kweli mkurugenzi alitundika ubao, MAJI YA BUSTANI TU, ubao upo, rangi nyekundu, lakini Merdi ndiye aliyeugonga kwa ngumi mbele ya foleni akasema ubao huu ni wa waoga, mlishaniona nikinywa au hamkuniona, na mama wakacheka, wakaanza kuleta bidoni za kunywa pamoja na ndoo za bustani, naye akawajazia, kila asubuhi, akiwatania mmoja mmoja, wewe mama ukinywa haya bwana atarudi, wewe utazaa mapacha, wewe Mama Adolphine utaota meno mapya… "Leo unanyamaza sana," akasema Mama Adolphine. "Falonne alikupiga?" "Ah, mama, mwanamuke gani atanipiga mimi?" akajibu, na kicheko kikatoka, kikavu, kilekile cha kila siku, kinywa chake hakihitaji msaada wake, kinajiendesha chenyewe kama pampu, bonyeza tu, na Mama Adolphine akacheka naye, akajikalisha polepole juu ya bidoni ya pili iliyokuwa tupu, akaunyoosha ule mguu mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka chini mtoto wa mwingine aliyelala, "Kumbe mi naona haya, mutoto wangu, nikikosa kusikia fujo yako asubuhi, lengalenga yenyewe haikomae"… kimya basi, anyamaze basi huyu mama, bidoni ikijaa ataondoka, na ikijaa ya pili ataondoka zaidi, robo bado, hata robo haijafika, maji leo yanatoka kwa nguvu lakini bidoni haijai, yanatoka kwa nguvu… hapo ndipo hataki kufika, hapo kwenye nguvu ya maji, kwa sababu ilikuwepo wiki ambayo maji yalikuwa yanatoka kama mkojo wa mzee, mshipa mmoja, unakatika, unaendelea, na ndani kwenye mashine sindano ya presha iliyokuwa inakaa kwenye tisa ikapanda kumi na mbili, ikapanda kumi na tano, pampu ikapiga kelele ya mtu anayesukuma gari peke yake, membrani zilikuwa zimeziba, utelezi wa kahawia umezishika, na Madame Rachida hakuwepo, Madame Rachida mkemia, binti wa wafanyabiashara waliohamia kutoka Kasongo, mwanamke mwenye kitambaa kichwani na kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyemtoa Merdi kwenye kubeba mifuko akamfundisha mashine, wiki mbili nzima, akiandika mshale kwa mshale kwa sababu alijua kusoma kwake Merdi kuna mashimo, madame huyo alikuwa amekwenda Lubumbashi kumzika mama yake na kukaa huko mpaka arobaini itimie, na ile dawa maalumu ya kuoshea membrani, inayokuja kwenye madumu ya bluu, ilikuwa imekwisha, lori limekwama mpakani Kasumbalesa, na mkurugenzi akasimama mlangoni mwa chumba cha mashine akasema, "Merdi, birika limejaa, nikisimamisha uzalishaji leo Kinshasa watanipigia simu mimi, si wewe, jipange," na Merdi akajipanga, nani asingejipanga, akavuka barabara mpaka kwenye kibanda, akanunua javeli, chupa nne, javeli hii hii ya kila nyumba, inayofanya shati la Jumapili liwe jeupe, inayotiwa kifuniko kimoja katika ndoo ya maji ya kunywa kila kipindupindu kinapotajwa, bibi yake alikuwa anaitia, katekista alikuwa anaitia, katika mji huu mtoto wa miaka mitano atakuambia kwamba maji pamoja na javeli ni maji safi, nani atakayesimama akasema si kweli, akazimimina zote nne katika tangi la kuoshea, akazungusha, akasubiri saa moja akipiga mluzi, na alipowasha pampu… lo, anayebisha abishe na hapa pia, sindano ilianguka kutoka kumi na tano mpaka sita, maji yakatoka kama watoto wa shule waliofunguliwa mlango, yakaruka, yakalowesha suruali yake, mkurugenzi akaja mbio akamwinua mkono juu kama bondia, akasema mbele ya watu wote wa zamu, huyu hakusoma lakini ni dokta wa kweli, na wale wa sirapu wakatoka na glavu zao mikononi wakapiga makofi ya mpira, paf paf paf, na Merdi akasema, mimi membrani nazijua kwa majina, zinaniambia zinapoumwa… akasema hivyo, kwa kinywa hiki, na kinywa kilikuwa bado kinasema wakati kichwani, mbali, kama redio ya jirani, sauti ya Madame Rachida ilipoanza kusikika, ya siku ya pili ya mafunzo, siku ambayo yeye alikuwa anawachekesha wenzake nyuma, "Merdi, unanisikia? Kila kitu unaweza kukosea hapa, mi nitarekebisha, lakini javeli hapana, javeli inaila membrani, inatoboka, na ikitoboka itakudanganya, maji yatatoka mengi, utafikiri imepona," na yeye alijibu nini, alijibu, madame, kwetu hata watu tunawaosha na javeli, wakacheka wote, hata yeye madame mwenyewe alicheka kidogo, akafuta ubao… "Mu dispensaire banasema kesho niende ku hospitali kubwa," akasema Mama Adolphine, na Merdi akasema, "Ee, mama," bila kusikia, kisha akasikia, "Kesho?" "Kesho asubuhi. Mutoto wa dada yangu atanibeba na pikipiki. Bananipatia dawa mara ya kwanza, nikamaliza, mara ya pili nikamaliza, tena ile ya hapa kwenu, yenye picha ya kiwanda ku kartoni, kidonda haisikie. Iko tu vile. Inapanda," na akaonyesha kwa kidole, juu ya kitenge, mpaka wapi inapanda, na Merdi safari hii akatazama kwa sababu kidole kilimvuta, ngozi juu ya kitambaa ilikuwa imevimba, inang'aa, nyeusi kwa namna ambayo si ya weusi wa Mama Adolphine, na ilikuwa jembe tu, jembe dogo la palizi liliteleza kwenye jiwe likamgusa kwenye muundi, akaja hapa siku ile akichechemea na kucheka, damu kidogo, mtu wa shimoni asingeitazama mara mbili, na Merdi ndiye aliyemwambia, mama, osha hapa hapa, oshea maji yangu, asubuhi na jioni, maji haya ni safi kuliko ya hospitali, ukipaka kitu kingine unanitukana, akamkingia kwenye kiganja, akamwagia yeye mwenyewe, akapuliza kidonda kama anavyopulizwa mtoto, na mama katika foleni wakasema, eh, Dokta huyu… lakini siku ile ilikuwa kabla, labda ilikuwa kabla ya javeli, siku zinachanganyikana, mvua ilikuwa imenyesha au haijanyesha, inawezekana kabisa ilikuwa kabla, na hata kama si kabla nani atajua, kidonda ni kidonda, udongo wenyewe wa bustani una mangapi, vumbi la malori lina mangapi, mji mzima huu umechimbwa ukageuzwa tumbo juu, mtu atasemaje ni maji, athibitishe nani, hata Madame Rachida mwenye kalamu tatu hawezi kuthibitisha… Madame Rachida angesema nini, angesema lile alilolisema siku alipowaeleza kwa nini maji ya kiwanda cha dawa ni mabaya kuliko maji ya choo, watu wakabisha, akasema choo kina vijidudu vijinga, lakini dawa kidogo kidogo katika maji, kila siku, kidogo isiyoua, hiyo ni shule, vijidudu vinakaa darasani, vinaizoea, vinaijua, na siku mgonjwa atakapomeza kidonge kizima vitamcheka, na Merdi nyuma ya darasa akasema, basi vimenishinda mimi, mimi nilitoka la tano… watu walicheka mpaka wakalala juu ya meza, ulikuwa utani mzuri, ulikuwa utani wake bora wa mwaka, na sasa vimesoma, kweli vimesoma, vimemaliza, vimepata diploma katika mguu wa Mama Adolphine… na kifaa kile kidogo chenye sindano mbili, kinachopima chumvi iliyopenya, kilimwambia siku ile ile ya makofi ya mpira, kawaida yake ni thelathini, thelathini na tano, mchana kilisema tisini, jioni kilisema mia mbili, kesho yake asubuhi kilisema mia sita na kumi, akakipiga kwenye paja, akakizima, akakiwasha, mia sita na kumi, na panapopita chumvi nyingi hivyo ni nini kisichopita, hata yeye wa darasa la tano anajua, mlango umeng'oka, waliomo wote wanatoka, akakitumbukiza kwenye chupa ya maji ya dukani, kikasema ishirini na nane, akaandika ishirini na nane daftarini, na kila siku tangu hapo, kwanza bomba, kisha chupa ile ile, ishirini na nane, ishirini na tisa, ili angalau namba iwe imetoka kwenye kifaa, ili asiwe ameitunga, alijisifu hata kwa hilo, peke yake, mbele ya mashine, kwamba yeye si mwongo wa ovyo… "Mi siogope kukatwa," Mama Adolphine alikuwa anasema, tangu lini alikuwa anasema, "mi naogopa bustani. Na muguu moja utalima namna gani? Utaruka-ruka sawa chura?" akacheka, akampiga Merdi ubavuni kwa mgongo wa mkono, "Cheka basi! Mi mwenye muguu nacheka, weye mwenye miguu mbili unanuna?" na Merdi akafungua mdomo atie utani, hata mmoja, mguu wa chura, magongo mawili, chochote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuta kitu, alikuta hewa, kama ile hewa ya shimoni Mutoshi, mita ishirini na tano chini, inapokuwa mbovu, unavuta na haiingii, na hiyo ndiyo, sema ukweli wewe, hiyo ndiyo inayomfunga ulimi, shimo, si kitu kingine, akisema leo, mkurugenzi atamtoa leo, na akitolewa hakuna kazi nyingine ya mtu asiye na cheti isipokuwa kamba kiunoni na tochi kichwani, kushuka tena kwenye ule ukuta unaotoka jasho, kusikia udongo ukizungumza juu yako, na Falonne ana mimba ya miezi sita, na yule mkurugenzi aliyesema jipange atasema hakusema, na membrani mpya zinaagizwa ng'ambo, na Madame Rachida atarudi Jumatatu, arobaini imetimia, atashika kifaa kile kwa mkono wake… Jumatatu, na hospitali ni kesho, kesho daktari wa kweli ataufungua mguu huu na kumpa tena kidonge kilekile kilichokwisha zoeleka, au atamwuliza, mama, unaosha na nini, naye atajibu kwa kiburi, na maji safi, ya Dokta, na daktari hatauliza tena, ataangalia saa, ataangalia kisu, na ingetosha neno moja, mama, mwambie daktari maji yale si safi, mwambie yalikuwa na dawa ndani, mwambie apime kwanza kidonda kinasikia dawa gani, neno moja, halizidi urefu wa utani wowote aliowahi kumtania, amemtania mwaka mzima bila kukosa pumzi… "Nusu," akasema Mama Adolphine akiigonga bidoni kwa kifundo cha kidole, "bado nusu," na Merdi akaitikia kwa kichwa, na akataka kujiambia tena habari ile tangu mwanzo, glasi, jua, makofi, namna alivyokuwa anajiambia kila asubuhi mpaka inang'aa, lakini leo habari haikutaka kusimama, ilikuwa inavuja upande mmoja, upande ule ambao haisimulii, hajausimulia kwa mtu wala kwake mwenyewe.

Kwamba hakuna kabla. Jembe lilimkata Mama Adolphine wiki moja baada ya javeli, anaijua siku, ilikuwa Jumatano, na alipomkingia maji kwenye kiganja na kumpulizia kidonda alikuwa ameshaiona mia sita na kumi kwa siku sita mfululizo, alijua anachomimina, kinywa kilitangulia kwa sababu mama wengine walikuwa wanatazama na yeye hajawahi kuwaacha watu wanaotazama waondoke mikono mitupu. Na kwamba jioni ile ile ya makofi, suruali haijakauka, alifika nyumbani akaichukua bidoni iliyokuwa jikoni, akaimwaga yote uani, Falonne akashangaa, maji mazuri hivyo, na yeye akamwambia tangu leo tunanunua maji ya gari la tangi, ya kunywa, ya kusongea bukari, hata ya kuogea, tone la kiwandani lisiingie hapa, una mtoto tumboni, na hakuna tone lililoingia, mpaka leo, wiki ya tano, nyumbani kwake wote wazima. Na Falonne, aliyekaa kwenye kigoda akichambua matamba, kisamvu cha jioni, aliuliza, "Na Mama Adolphine? Unamuambia?" na yeye akajibu, bila kukohoa, akivua viatu, "Yeye ndiye niliyemwambia wa kwanza."